Neno Lililoolewa Nyumba Mbili

Katika ukurasa mzima wa maneno ya watu, Zöhre alikuwa na jamaa mmoja tu. Alimkuta kwenye mstari wa saba, amekaa katikati ya Kiswidi kama mtu wa kwenu unayemwona ghafla kwenye stesheni ya ugenini, kofia ile ile, mwendo ule ule: flört. Kwenye mstari wa nane akamkuta tena. Akamfuata kwa ncha ya kidole, herufi moja baada ya nyingine, na hata zile nukta mbili juu ya o zilikuwa mahali pake. Kisha damu ikampanda masikioni, kwa maana jamaa huyo hakuwa wa kukaribishwa nyumbani.

Barua ilitoka ofisi ya Waswidi, ile inayotoa vibali vya kwenda kuishi kwao. Nyuma yake ilibanwa nusu karatasi ya Kituruki, na hiyo Zöhre aliisoma taratibu, kama alivyosoma kila kitu tangu alipotolewa shule baada ya darasa la tano. Maelezo ya mume na mke kuhusu namna walivyofahamiana hayapatani. Mke afike Ankara tarehe kumi na nne, ahojiwe mara ya pili. Maelezo yakiendelea kupingana, ombi litakataliwa.

Mumewe, Tuncay, alikuwa Stockholm, alikokulia tangu ana miaka minne. Walifunga ndoa ya manispaa mwezi wa Septemba, akamvisha pete, akarudi kazini kwake kungoja kibali cha mkewe kitoke. Karamu ingefanywa kiangazi kitakachofuata, na mpaka siku hiyo Zöhre alibaki kwa baba yake. Hapo Kulu hilo halikumshangaza mtu. Nusu ya mji ilikuwa kule. Nyumba zao nzuri zilifungwa madirisha tangu majira ya vuli mpaka Juni, na wenyewe wakiitwa Waswidi, ingawa babu zao walichunga kondoo kwenye nyika hiyo hiyo.

Baba yake, Durmuş, aliingia na udongo wa shamba kwenye buti, akainyooshea mkono barua. Kiswidi hakukijua hata salamu. Lakini jicho lake lilitua palepale lilipotua la bintiye, na likakaa hapo muda mrefu.

Hakupaza sauti. Durmuş alikuwa mkulima wa ngano, na ngano humfundisha mtu kutulia mpaka ajue linalokuja ni wingu la mvua au ni vumbi. Akauliza neno hilo linafanya nini karibu na jina lake. Zöhre akasema hajui. Akauliza aliwaambia nini siku ile ya kwanza alipohojiwa. Zöhre akaeleza: walimuuliza kama kabla ya posa yeye na Tuncay walikuwa na flört, naye akajibu hasha, yeye si msichana wa namna hiyo.

Durmuş akarudi kwenye karatasi. Mstari wa saba ulikuwa na jina la Tuncay na neno lile. Mstari wa nane ulikuwa na jina la Zöhre na neno lile, na kabla yake kijineno kifupi.

"Wewe umekataa," alisema. "Basi yeye ndiye aliyekubali."

Kwa watu wa rika la Durmuş, neno hilo liliingia mjini kwa njia ya sinema na magazeti, na liliingia na sifa zake. Flört ilikuwa gari lililoegeshwa nyuma ya maghala ya nafaka. Ilikuwa posa inayoletwa mbiombio ili kufunika jambo. Mtu hakulitamka juu ya mtoto wa jirani ila awe amejiandaa kupigana na jirani.

"Mume hajawa mume mpaka ngoma ipigwe," Durmuş alisema, akiikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani. "Nitasikia kwa masikio yangu. Kama mlitembea pamoja, au kama amekuzulia, pete yake itarudi ilikotoka, na cheti cha manispaa tutakipeleka mahakamani kikafutwe. Mimi sitoi mwana aliyetangazwa kwa serikali ya watu."

Mama yake Zöhre, Hanife, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

Usiku wake Zöhre aliupitisha kama anayeshona kitambaa kinachoteleza. Kila alipobana upande mmoja, wa pili ulimponyoka. Akisema hapana tena, Waswidi wataiona ndoa yake kuwa ya uongo, karatasi ya kuombea kibali tu, na Tuncay atabaki kuwa sauti ya simu. Akisema ndiyo, baba yake atasikia ndiyo ya Kulu. Hakulala vizuri, lakini hakulia. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Kilio chake kilizoea kungoja zamu.

Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida. Kazi yake ilikuwa chumba cha ushonaji cha shangazi yake Münevver, dada wa baba: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi nzito na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Münevver alikwisha pata habari. Hanife hakuwa mtu wa kulala na habari. Alifunga mlango, akashusha pazia, akakaa juu ya furushi la mapazia ya watu.

"Kana," alisema.

Zöhre akasema alikwisha kana mara moja, na hicho ndicho kilicholeta barua.

"Kana tena. Kana mpaka Mswidi achoke. Unajua kaka yangu akisikia kitu kilianzia humu ndani mimi nitapita mlango gani? Ataniambia nilikukabidhi mtoto ukanirudishia nini?" Akachomoa pini kwenye kola yake, akaichomeka tena. "Na hilo neno, balaa yake, si letu hata. La Waingereza, kama pulova. Pulova tulivaa ikatukaa. Hili linatubana kwapani."

Kisha, ingawa roho ilikuwa juu, akacheka puani. Alikumbuka suruali.

Mambo yenyewe, ukiyaweka mezani na kuyapima, hayakufika urefu wa mkono. Ilikuwa Julai, Waswidi wamerudi, barabara imejaa magari yao. Tuncay aliingia na suruali ya kijivu, mpya, ndefu kupita mguu wake. Zöhre akapiga goti kwenye zulia, akageuza upindo, akaweka alama ya chaki. Sentimita tatu, alisema Tuncay. Akaja kuichukua siku ya pili. Siku ya tatu akairudisha, bado inaburura kidogo. Siku ya tano akairudisha tena, akisema akivaa viatu vya ngozi ni ndefu. Siku ya nane akaja nayo mara ya nne, na hata hakutaja sababu, aliiweka tu mezani. Wakati wote Münevver alikuwa kwenye cherehani yake, mguu kwenye kanyagio, akihesabu soksi za kijana huyo zinavyozidi kuonekana. Waliongea habari za sentimita peke yake. Lakini zipo namna za kutaja sentimita.

"Ingerudi mara ya tano ingekuwa kaptula," Münevver alisema. "Ndipo nikamwambia, mwanangu, mlete mama yako, suruali hii haina tena pa kukatwa."

Na mama akaletwa, na posa ikapokelewa, na hakuna aliyeuliza suruali imeishia wapi. Liko jambo moja tu la Julai ile ambalo Münevver hakuliona, wala Tuncay. Siku ya kwanza kabisa, chaki ikiwa kwenye alama ya tatu na mkasi ukiwa mkononi mwake, Zöhre alikata mbili. Yeye ambaye wateja walisema jicho lake lina mizani ndani. Hakukosea. Aliiona ile chaki, akaipita kwa makusudi, akapinda, akapiga pasi, akakunja suruali ya watu kama mtu mwaminifu. Hilo hakumwambia yeyote. Alikaa nalo kama mtu anavyokaa na peremende shavuni mbele ya wageni.

Jumapili Tuncay alipiga simu. Simu ya nyumba hiyo ilikuwa kwenye korido, mahali ambapo kila mlango unasikia. Hanife alikaa hatua tatu kutoka hapo, akichambua dengu zilizokwisha chambuliwa jana.

Kituruki cha Tuncay kilikuwa cha nyumbani. Kilijua chakula, salamu na kukemewa. Mambo ya moyo alijifunzia shuleni, kwa Kiswidi. Alishangaa kusikia kuna ugomvi. Alisema alichowaambia ni kweli tupu: ilianza kwa flört kidogo pale kwa fundi, kisha mama yake akaenda kuposa. Mwanamke aliyemhoji hata alicheka.

Zöhre akauliza polepole, mgongo ameupa ukuta.

"Tuncay. Wewe hilo neno unalijua kuwa nini?"

"Si ndiyo ile? Kutazamana. Kutaniana. Mimi na ile suruali."

"Mkono unashikwa?"

"Mkono?" Alisikika akifikiri. "Hapana. Mkono ni dejt."

Hilo Zöhre hakuwahi kulisikia. Tuncay akaeleza kwamba nalo ni la Kiingereza, Waswidi wamelichukua wakaliandika wanavyotamka: watu wawili wanapatana siku na mahali, wanakunywa kahawa, wanaulizana mambo, huko ndiko mkono unakoweza kushikwa, na pengine zaidi. Flört huja kabla ya hapo. Haina siku wala mahali. Kikongwe wa miaka themanini huifanya na muuza mkate, na hakuna anayeumia.

"Mama yangu mwenyewe huifanya na daktari wake wa meno," alisema. "Baba anakaa palepale anasoma gazeti."

Dengu za Hanife zikanyamaza.

"Basi waambie ndiyo," Tuncay alisema. "Neno dogo tu."

"Huko ni dogo," alijibu Zöhre.

Aliporudisha mkonga wa simu mahali pake, alibaki ameuegemea ukuta. Alikuwa ameona kitu, na kukiona kulimtisha kuliko kutokiona. Neno lilikuwa moja. Lilitoka kwa Waingereza kama binti wa nyumba moja anavyotoka, likaolewa nyumba mbili. Kwa Waswidi likaishi kwa kucheka na kupita mlango wazi. Kwa Waturuki likaingia kwenye nyumba yenye maneno mengi, likatiliwa shaka siku ya kwanza, na likazeeka na jina baya. Sura haikubadilika hata nukta. Na kwa sababu sura haikubadilika, siku ile Ankara mkalimani alilipokea kwa Mswidi akamkabidhi yeye kama lilivyo, na jibu lake akalirudisha kama lilivyo, na hakuna hata mmoja kati ya watu watatu mle chumbani aliyejua kwamba hakijafasiriwa kitu.

Akajaribu kumweleza baba yake wakati wa chakula cha jioni. Durmuş alimega mkate, akachovya kwenye supu, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ya simu ni ya simu. Mara ya kwanza alibaki nje kwenye gari kama dereva wa kukodiwa, na ona kilichotoka. Safari hii ataingia.

Tarehe kumi na nne waliondoka alfajiri. Ilikuwa Novemba, mashamba yamelimwa meusi pande zote mbili, na malori ya viazisukari yalitambaa mbele yao yakidondosha vipande vya udongo kwenye kioo. Zöhre alikaa nyuma, mkoba mapajani. Mpaka Ankara walizungumza mara mbili: baba yake aliuliza kama amebeba kitambulisho, na baadaye akauliza tena.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza nyeupe na dirisha lisilofunguka. Mswidi alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, jina lake Ingela. Mkalimani alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, Bwana Ferit, tai yake imekazwa vizuri, Kituruki chake cha redio. Ingela alimtazama Durmuş aliyesimama mlangoni, kofia mkononi, kisha akamwambia Zöhre jambo refu kwa sauti ya chini. Bwana Ferit akalifasiri: sheria inampa haki ya kuhojiwa peke yake. Baba anaweza kungoja ukumbini. Hakuna atakayeambiwa atakachosema humu. Ni yeye wa kuamua.

Kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na kuutumia kulikuwa rahisi kama kutikisa kichwa. Baba yake angetoka. Yeye angesema ndiyo ya Kiswidi kwa Mswidi, kibali kingetoka, na safari ya kurudi ingepita kimya. Lakini alimjua mtu aliyemzaa. Kila neno ambalo Durmuş hangelisikia, angelijaza mwenyewe, na yeye hakuwa na vitambaa vingine vya kujazia ila vile vya kwenye sinema. Angetoka humu akiwa na kibali mkononi na baba yake akiwa na gari lililoegeshwa nyuma ya maghala, maisha yote.

"Akae," alisema Zöhre.

Durmuş alikaa kwenye kiti cha ukutani, nyuma ya binti yake. Zöhre hakuweza kumwona. Alisikia kiti kikilalamika, kisha kikatulia.

Ingela akafungua jalada. Akauliza, na Bwana Ferit, bila kupepesa, akageuza sentensi yote ikawa ya Kituruki ila neno moja: mume amesema kabla ya posa palikuwa na flört, yeye alisema hapakuwa, leo anasemaje?

Chumba kikangoja.

"Bwana Ferit," Zöhre alisema, "samahani. Hilo neno usilipitishe hivyo."

Mkalimani akauliza lipi.

"Unalijua. Hilo ulilolipokea kwake ukanipa mimi bila kulifungua. Mwulize kwanza, kwao likoje."

Bwana Ferit alitabasamu kama mtu mzima anayesahihishwa na mtoto wa shule. Akasema ni neno lile lile, mama. Ni la kimataifa. Zöhre akasema hana shaka na hilo, ila yeye ni mtu wa darasa la tano, amwulizie tu. Mkalimani akamgeukia Ingela na kumuuliza, na Zöhre akaona uso wa Mswidi ukibadilika, nyusi zikipanda, kalamu ikilazwa mezani. Ingela akajibu kwa kirefu. Alikonyeza jicho moja kwa mfano, akaonyesha kwa vidole viwili kitu kidogo sana.

Bwana Ferit akafasiri, na safari hii alifasiri kweli, neno kwa neno, masikio yakimwiva: kwao ni macho na maneno ya mzaha. Haina maana ya kutembea pamoja. Haina maana ya kuguswa.

"Sasa mwambie yetu," Zöhre alisema.

Mkalimani akasita. Alikuwa na mtu mzima mwenye kofia mbele yake, na mambo mengine hayasemwi mbele ya baba wa mtu. Lakini akasema, kwa Kiswidi, akitazama meza, na Ingela akaweka kiganja kifuani. Akageuza kurasa, akaipata ile hasha ya siku ya kwanza, akaisoma upya. Hakuandika kitu. Akaomba Zöhre asahau neno lolote, aeleze tu kilichotokea.

Zöhre akaeleza suruali. Alieleza kama anavyopokea mteja, kwa vipimo: tatu, kisha moja, kisha moja, kisha ile ya nne ambayo hata haikupimwa. Alieleza shangazi yake alipokuwa ameketi. Alieleza soksi. Ingela alicheka kidogo, na Bwana Ferit naye. Nyuma, baba yake alikohoa; kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu anayerudishiwa kitu chake kikiwa salama.

Ingekuwa imekwisha hapo. Lakini Ingela alikuwa ameshika tena kalamu, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Alisema haya yote ni ya mume, Bwana Ferit akafasiri. Mume alirudi, mume alitania, mume alimleta mama yake. Yeye Ingela ameona wanawake wengi wakikaa kwenye kiti hicho na kueleza mambo aliyofanya mwanamume, kisha mambo waliyokubaliana wazee. Anachotakiwa kukijua ni kama hapo katikati walikuwepo watu wawili.

"Anauliza," alisema mkalimani, na sasa alisema kwa uangalifu, akilifungua kila neno, "wewe mwenyewe, ulitaka arudi?"

Zöhre aliweka mikono mezani. Jibu jepesi lilikuwepo. Angeweza kusema baba alipenda, nami nikaridhia. Ni jibu la binti mwema, kila nyumba ya Kulu ingelipokea, na Ingela angeliandika kwenye safu ile aliyoijaza mara nyingi, safu ya wanawake ambao hawakuulizwa. Angeweza pia kusema ndiyo na kunyamaza. Lakini ndiyo tupu ni neno lisilo na uzito. Hata mtu aliyelazimishwa hulisema. Alilonalo yeye la kupimika lilikuwa moja tu, na baba yake, kwenye kiti cha nyuma, hajawahi kumjua kama mtu wa namna hiyo.

"Mara ya kwanza alitaka nipunguze tatu," alisema. "Nilikata mbili."

Bwana Ferit akauliza kama alikosea kipimo.

"Sikosei vipimo. Kamwulize yeyote Kulu. Chaki ilikuwa kwenye tatu, na mimi nikaiona." Akavuta pumzi. "Siku ya tatu hakurudi kwa ajili yake. Alirudi kwa sababu yangu. Hayo mengine ndiyo yake."

Ilifasiriwa. Kwa Kiswidi ilichukua muda kidogo zaidi, au ndivyo alivyoona. Ingela alimtazama bila kutabasamu, jinsi mwanamke anavyomtazama mwanamke mwenzake dukani wakishika kitambaa kimoja. Kisha akauliza swali ambalo huenda halikuwa kwenye jalada: nyinyi kwenu jambo hilo mnaliita nini?

Zöhre alifikiri. Alipita kwenye Kituruki chote alichonacho, cha mama yake, cha shangazi, cha darasani, akifungua kabati moja baada ya jingine.

"Hatuna neno," alisema mwishoni. "Tunalinyamazia."

Ingela aliandika kwa muda mrefu. Zöhre alihesabu mistari ile ya Kiswidi ikiongezeka kichwa chini mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakuona ndani yake neno lolote analolijua, na hakuogopa. Wakaambiwa jibu litakuja kwa posta, kabla ya mwaka mpya au baada yake kidogo. Mlangoni Ingela alimpa mkono. Bwana Ferit naye alitoa wa kwake, akaanza kusema jambo, akaishia kurekebisha tai.

Durmuş alivaa kofia ukumbini. Alitangulia kwenda kwenye gari, hatua zake si ndefu wala fupi. Hakumngoja wala hakumkimbia.

Walitoka mjini, wakapita vituo vya mafuta na viwanda vya matofali, wakaingia kwenye nyika. Anga lilikuwa chini, la kijivu. Zöhre alitazama kisogo cha baba yake, ngozi iliyochomwa na jua na kukunjamana kama ramani ya mito iliyokauka, na akajaribu kusoma humo kama alivyosoma nusu karatasi ile, taratibu, akirudi nyuma kila alipopotea. Hakupata kitu. Saa nzima ilipita hivyo. Alijiambia kwamba mtu aliyekasirika huendesha kwa kasi. Kisha akajiambia kwamba baba yake hajawahi kuendesha kwa kasi akiwa na hali yoyote.

"Mbili," Durmuş alisema.

Zöhre aliinua kichwa.

"Alitaka tatu, ukakata mbili."

"Ndiyo, Baba."

"Münevver alijua?"

"Hakujua. Hakuna aliyejua."

Lori la viazisukari likapita upande wa pili, gari likatikisika. Durmuş alibadilisha gia, akairudisha pale pale ilipokuwa. Akafungua kinywa kama mtu anayetaka kuuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, na Zöhre akasogea mbele kidogo asikie, lakini alichosema, na alikisema kwa kioo cha mbele, kilikuwa hiki tu:

"Nilidhani wewe ni mtu wa kuletewa."

Hakikuwa kofi wala hakikuwa baraka. Zöhre alikigeuza upande huu na ule. Akarudi kuegemea kiti.

Mbele yao kilitokea kibao cha njia panda ya Kulu, cha buluu, na mshale unaoelekea kushoto. Durmuş alikuwa amekata kona hiyo tangu ilipokuwa ya vumbi. Farasi wa baba yake waliijua. Zöhre aliona kibao kikikua, akaona mikono ya baba yake imetulia juu ya usukani, akaona mshale ukipita dirishani na mji wao ukiteleza nyuma na moshi wake wa mchana. Mbele kilibaki kibao kingine, cha Cihanbeyli na Konya, na barabara iliyonyooka.

Baba yake hakuwa ameona. Midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, bila sauti, kama ya mtu anayelirudia neno ambalo bado hajalizoea.

Zöhre alifungua kinywa amwambie. Kisha akakifunga, akaiweka mikono yake mapajani, akamwacha aendelee kuendesha.